Kila saa 1 jioni natafunwa na mtoto wa mbwa. Nifanyeje?

Suruali_Imechanika:

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu, maana hii ndiyo mara yangu ya kwanza kufuga mbwa ndani ya nyumba.

Nina kijibwa dume, leo ametimiza wiki 11. Nilimchukua akiwa na wiki 8. Anaitwa Pilipili. Jina alipewa na binti yangu wa miaka 7 kabla hatujajua kwamba lingemkaa vizuri namna hii.

Asubuhi hana neno, mpole kabisa. Shida inaanza saa 1 jioni. Anaanza kuizunguka meza mbio, mkia ameufyata, masikio yamelala nyuma, raundi nne au tano, halafu anakuja moja kwa moja kwenye pindo la suruali yangu. Akilikosa pindo anachukua kifundo cha mguu. Yale meno ni sindano tupu. Nikipiga kelele "acha!" anachangamka zaidi, nadhani anaona na mimi nabweka. Nikimsukuma anarudi kwa kasi. Nikimfumba mdomo kwa mkono, nikimwachia tu anaudaka mkono wenyewe. Jana nilipanda juu ya kochi kama mtu aliyeona nyoka, mtu mzima na ndevu zangu, na mke wangu badala ya kunisaidia akanipiga picha.

La pili ni mkojo. Namtoa nje, ananusa, anakimbiza jani, ananiangalia. Dakika 15 nzima. Hakojoi. Tukiingia ndani, hata mlango sijafunga, kashachuchumaa kwenye mkeka, kona ileile ya siku zote. Nausafisha kwa ile dawa kali ya choo mpaka macho yananitoka machozi, kesho yake anarudia palepale. Jirani kaniambia nimsugue pua kwenye mkojo wake. Nimefanya mara mbili. Sasa anakwenda kukojoa nyuma ya kabati.

La tatu ni usiku. Analala jikoni peke yake, analia mpaka saa 8. Mke wangu anasema aachwe, atazoea. Mimi juzi nilishindwa, nikaenda kumbeba.

Swali langu hasa: huyu mbwa ni mkali wa kuzaliwa? Nina mtoto mdogo ndani. Kama ndivyo nimrudishe mapema kabla hatujamzoea. Natanguliza shukrani.

Bibi_wa_Mbwa_Saba:

Pole, mwanangu. Nimecheka hapo kwenye kochi, nisamehe. Na mimi niliwahi kukaa juu ya meza.

Huyo si mkali. Mbwa mwenye nia mbaya anakakamaa mwili, anaganda juu ya bakuli lake ukikaribia, anakukazia macho bila kupepesa, anaunguruma kwa sauti ya chini. Wako anakimbia ovyo na kuuma chochote kinachotembea. Huo ni wazimu wa jioni, karibu watoto wote wa mbwa wanao.

Kabla sijakupa dawa nijibu kwanza: mchana kutwa huyo kijibwa analala jumla ya saa ngapi? Usikisie. Hesabu.

Kamanda_Mstaafu:

Mnamdekeza. Kunja gazeti, mpige la pua mara moja, hatarudia. Mbwa wa baba yangu alilelewa hivyo na alikuwa na adabu.

Bibi_wa_Mbwa_Saba:

Kaka yangu Kamanda, nao wa baba yangu walilelewa hivyohivyo. Mmoja alikuwa akiona mtu ameshika gazeti anajikojolea, mwingine alijifunza kulirukia gazeti lenyewe na mkono ulioshika. Kumbuka pia ndani ya nyumba ile kuna mtoto wa miaka 7. Mbwa anayeogopa mikono ya watu ndiye wa kuhofiwa karibu na mtoto.

Suruali_Imechanika:

Shikamoo Bibi. Leo nimekaa nyumbani nikahesabu, na jibu limenishangaza. Anaamka saa 12 asubuhi na sisi. Analala kidogo saa 3. Saa 7 binti anarudi, wanacheza. Kila Pilipili akijilaza chini ya kiti, binti anakwenda kumpapasa masikio ili "amwone kama yupo salama". Saa 10 wanakuja wenzake wa jirani. Toka saa 7 mpaka saa 1 jioni amelala labda dakika 20, na hizo ni za kuibia. Je, kulala kunahusiana vipi na kuuma?

Bibi_wa_Mbwa_Saba:

Marahaba mwanangu. Basi ugonjwa umeuona mwenyewe. Kijibwa wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 18 mpaka 20 katika saa 24. Wako amekesha mchana kutwa kama mtoto aliyepelekwa harusini. Unamjua mtoto aliyechoka na hataki kulala? Anapiga, anatupa vitu, analia bila sababu. Mbwa hana mikono, ana meno.

Kwa hiyo usisubiri saa 1. Saa 11 na nusu mtoe akojoe, kisha mwingize kwenye kizimba chake au chumba kimya, mpe kitu cha kutafuna, funika upande mmoja kwa shuka. Atalalamika dakika chache, halafu utasikia ile pumzi ndefu. Na mchana mfuate hivyohivyo: akishakuwa macho kama saa moja hivi, arudi kulala. Binti yako mpe kazi rasmi ya ulinzi wa usingizi, aandike na kibao mlangoni. Watoto wanapenda vyeo.

Sasa meno yenyewe. Kijibwa angekuwa bado na ndugu zake, angemuuma mwenzake kwa nguvu, mwenzake angelia na mchezo ungekwisha. Hivyo ndivyo wanavyofundishana kupima nguvu ya taya. Huyu ndugu hana, ana suruali yako. Ukipiga kelele, ukisukuma, ukikimbia, mchezo unanoga. Kwa hiyo mnyime mchezo. Akiuma, ganda. Mikono kifuani, usimtazame, usiseme. Asipoacha, toka chumbani, funga mlango, hesabu mpaka 30, rudi kama hakuna kilichotokea. Akirudia, rudia. Siku mbili tatu za mwanzo ataongeza bidii, kwa sababu njia yake ya zamani ilikuwa ikifanya kazi na haelewi imeharibika vipi. Wengi hukata tamaa hapo. Usikate.

Na uwe na kitu cha kumpa badala ya mguu. Mimi naloweka kitambaa, nakisokota, nakigandisha kwenye friji. Ana meno ya utoto 28 mdomoni, kwenye miezi 4 yataanza kung'oka, na ya ukubwani ni 42, mengi huwa yamekamilika kwenye miezi 6 au 7. Fizi zitawasha, atatafuta ubaridi. Usimpe mifupa iliyopikwa, inavunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni.

Jambo moja dogo: nyumbani kwenu mnamwambiaje akikosea? Wewe nimeona unasema "acha". Mama je? Binti?

Suruali_Imechanika:

Mke wangu anasema "toka". Binti anaita "Pilipili! Pilipili! Pilipili!"

Bibi_wa_Mbwa_Saba:

Nilijua. Chagueni neno moja wote. Na jina lake lisitumike kumgombeza hata siku moja, la sivyo siku akichoropoka getini ukamwita, atafikiri anaitiwa kesi.

Msaidizi_wa_Daktari:

Salaam. Nimefanya kazi na daktari wa mifugo miaka kadhaa, mimi nitachukua la mkojo maana naona limepitwa.

Mkuu, umesema namtoa nje, "ananiangalia", hakojoi. Kisha ukasema ulimsugua pua. Ziweke pamoja hizo. Mbwa anaunganisha tendo na matokeo yakifuatana papo hapo, ndani ya sekunde. Wewe ulimkuta na mkojo wa dakika kadhaa, ukamsugua. Yeye hakujifunza "mkeka si choo". Alichojifunza ni kwamba ukiwepo wewe na mkojo ukiwepo, balaa linafuata. Ndiyo maana nje anajizuia mbele yako na ndani anatafuta nyuma ya kabati. Kwa akili yake ametii.

Kuirudisha imani hiyo inachukua siku kadhaa. Mfunge kamba, mpeleke sehemu ileile kila mara, simama kama nguzo, tazama pembeni. Usitembee naye, usizungumze, usiokote jani. Baada ya dakika 5 atachoka na mandhari. Akimaliza kukojoa, kipande kidogo cha nyama palepale, miguu yenu ikiwa bado kwenye nyasi. Wengi wanampa wakishaingia ndani, halafu mbwa anadhani anazawadiwa kwa kupita mlangoni. Na usimwingize ndani dakika hiyohiyo, mwache acheze kidogo, la sivyo ataona kukojoa ndiko kunakomaliza matembezi.

Nyakati za kumtoa: akiamka tu, akimaliza kula, akimaliza kucheza, kabla ya kulala. Kwa makadirio anaweza kujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri, pengine na moja zaidi. Wa kwako ni saa 3 kwa bahati, tena akiwa amelala.

Ile dawa ya choo iache. Baadhi ya dawa za kusafishia zina amonia, na mkojo nao hutoa harufu ya amonia, kwa hiyo kwa pua yake huenda unampigia mhuri kwamba choo ni hapahapa. Tafuta dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, inayovunja mkojo wenyewe. Huo mkeka mimi ningeuondoa kabisa kwa miezi miwili.

Akianza kukojoa matone matone kila dakika chache, au kwa kujikamua, au ukiona damu, hapo si mafunzo tena, apelekwe kwa daktari.

Nyongeza ambayo hukuuliza. Kipindi ambacho mbwa anaizoea dunia kirahisi ni kati ya wiki 3 na wiki 14 hivi. Wako yuko 11, na chanjo zake za utotoni haziishi mpaka wiki 16 au zaidi. Usimshushe chini wanakopita mbwa usiowajua, virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua vijibwa, vinakaa kwenye udongo miezi mingi. Lakini usimfungie ndani pia. Mbebe. Aone pikipiki, mwavuli, mtu mwenye fimbo, mtu mwenye kofia, asikie mvua ya batini. Dakika 10 kwa siku zinatosha.

Mama_Usiku:

La usiku: wiki tatu zilizopita alikuwa analala kwenye rundo la ndugu zake, joto kila upande. Sasa ni jikoni, giza, sakafu baridi. Weka kizimba kando ya kitanda chenu. Akilia, mning'inizie vidole kwenye waya avinuse. Akilia saa 8 baada ya kulala vizuri, mkojo umembana, mtoe bila kuwasha taa kubwa na bila maneno, rudi. Akishalala usiku mzima, sogeza kizimba hatua moja kuelekea mlangoni kila siku mbili tatu. Wangu alifika sebuleni baada ya mwezi na hakujua amehamishwa.

Suruali_Imechanika:

Wakuu, nimerudi. Siku 16 zimepita, nikaona ni utovu wa adabu kula ushauri wa watu na kuondoka.

Usingizi kwanza. Bibi, binti ameandika kibao: "PILIPILI AMELALA. ANAYEMWAMSHA ATANIJUA." Juzi alinizuia mimi mwenyewe kuingia kuchukua chaja. Kijibwa sasa analala saa 11 na nusu mpaka saa 12 na nusu, na ile saa 1 ya vita imebaki mbio za meza raundi mbili, kisha anajilaza. Kuganda kulikuwa kugumu. Siku ya tatu alining'ang'ania soksi nikiwa nimesimama kama mlingoti, akaivuta mpaka ikavuka yote, akaondoka nayo akiwa ameinua kichwa. Nikajizuia nisicheke. Siku ya sita aliuma, akaachia mwenyewe, akanitazama. Sikuamini.

Mkojo: siku nne za mwanzo nilisimama kwenye nyasi mpaka majirani wakauliza kama nyumbani kuna amani. Ya tano, saa 12 asubuhi, umande bado, akazunguka mara mbili, akachuchumaa, jicho moja kwangu. Nilimpa nyama na mkono unatetemeka. Ndani tangu hapo ni mara tatu tu, na zote tatu kosa letu, tulichelewa.

Usiku yuko kando ya kitanda. Mke wangu, yule wa "aachwe atazoea", ndiye anayelala mkono umening'inia kwenye waya.

Ila kuna jipya. Anakula viatu. Vya kushoto tu. Nina viatu vitatu vya kulia vizima kabisa. Hii nayo ina dawa?

Bibi_wa_Mbwa_Saba:

Viatu juu ya kabati, mwanangu, hakuna dawa nyingine mpaka meno yamalizike. Na mwambie mkeo tunaisubiri ile picha ya kochi.