Mjadala: Vita vya Andalusia vilikuwa vya dini, au ardhi na dhahabu?

Wakuu, kila mada ya Hispania ikifunguliwa, kuna hoja haikosi: tangu jemadari Mwislamu Tariq bin Ziyad avuke bahari mwaka 711 na Andalusia (Hispania ya Waislamu) ianze, hadi Granada, dola yao ya mwisho, ianguke 1492, vita vilikuwa vimoja tu, msalaba huku na mwezi kule. Naipinga. Watawala wale waligombea ardhi na kodi; dini waliitoa kabatini ilipowafaa.

Mchukueni Rodrigo Díaz, yaani El Cid, anayechongewa sanamu kama shujaa wa Ukristo. Mfalme Alfonso VI wa Castile, dola ya Kikristo, alipomfukuza 1081 alikimbilia wapi? Zaragoza, kwa amiri Mwislamu, akawa askari wake wa mshahara. Amiri huyo alikuwa anagombana na ndugu yake wa Lérida kuhusu urithi wa baba yao. Wakakutana Almenar mwaka 1082, kila ndugu na Wakristo wake, na Rodrigo akamteka mtawala wa Barcelona, Mkristo mwenzake! Niambieni hiyo ni jihadi ya nani, au vita vya msalaba vya nani.

Sababu si ngumu. Ukhalifa wa Córdoba ulipovunjika 1031, zikabaki falme ndogondogo za Kiislamu zenye dhahabu nyingi na majeshi dhaifu. Wafalme wa kaskazini wakawa wanazitoza kodi ili wasizishambulie. Nani anaua ng'ombe anayemkamua?

*Mchangiaji wa pili*

Mkuu, umechagua mifano inayokubeba. Alfonso alipoitwaa Toledo 1085, al-Mu'tamid, amiri Mwislamu wa Sevilla, alimwita Yusuf bin Tashfin, mtawala Mwislamu wa Morocco, huku akijua kabisa kwamba mgeni huyo anaweza kumpokonya kiti. Inasimuliwa alisema bora akachunge ngamia Afrika kuliko nguruwe Castile. Ingekuwa ni hesabu ya pesa tu, angeendelea kulipa kodi akalala. Halafu 1502, Waislamu wa Castile waliambiwa wabatizwe au waondoke. Granada ilishachukuliwa miaka 10 nyuma. Hapo ardhi gani ilikuwa inagombewa?

*Mleta mada*

Hadithi ya ngamia umeikatia njiani. Yusuf alimshinda Alfonso vitani Zallaqa 1086, kisha akarudi kuwang'oa waliomwita. Jeshi lake lilipoizingira Sevilla, al-Mu'tamid aliomba msaada kwa nani? Kwa Alfonso yuleyule, na jeshi likatumwa, likapigwa. Sevilla ikaanguka 1091, al-Mu'tamid mwenyewe akapelekwa Aghmat, Morocco, na kufia huko kifungoni. Na 1248 Wakristo walipoizingira Sevilla hiyohiyo, amiri wa Granada alipeleka wapanda farasi kumsaidia Fernando III, mfalme wa Castile.

Ya 1502 ni dola iliyokwisha kushinda inawageukia raia wake. Vita vilishakwisha.

*Mchangiaji wa tatu*

Nyote mnawachanganya wenyeji na wageni. Mwaka 1212, kabla ya vita vikubwa vya Las Navas de Tolosa kati ya Wakristo na Waislamu, Waislamu wa ngome ya Calatrava walijisalimisha na Alfonso VIII, mfalme wa Castile wa wakati huo, akawaacha watoke salama. Wapiganaji waliotoka Ufaransa walichukia. Wengi wakafunga mizigo wakarudi kwao, joto nalo likiwa limewachosha. Wao walikuja kuua makafiri. Alfonso alijua baada ya vita atabaki na majirani haohao. Mleta mada, hoja yako inamfaa Alfonso; wale waliokasirika Calatrava utawaweka wapi?