Seva ya parkingi inakataa watu wote (Forbidden) na sijagusa kitu. Naomba ushauri wa haraka

Kijana_Kampemba
Jambo kwenu wakubwa na wadogo. Niko Lubumbashi, nachunga mashine kwenye parkingi moja ya malori, barabara ya kwenda Kasumbalesa, mpakani. Lori likiingia, mtu wa getini anaandika plaki (namba ya gari) kwenye kompyuta. Likitoka, risiti inachapwa na dereva analipa. Programu ni ya zamani, imeandikwa kwa lugha ya PHP, aliyeitengeneza aliondoka kabla sijaajiriwa. Iko kwenye seva ya Ubuntu 12.04 pale biroo na haijawahi kunisumbua.

Usiku huu imegoma. Kompyuta zote zinaandika Forbidden. Sijagusa kitu. Nimezima na kuwasha, nimepiga chmod -R 777 (ruhusa zote kwa wote) folda nzima, bado. Sasa ni karibu saa saba ya usiku, malori yanaingia, mlinzi anaandika kwenye kaye (daftari), na patro (bosi) anafika asubuhi kutoka Kolwezi. Logi inasema hivi:

`AH01630: client denied by server configuration: /srv/parking/`

Nisaidieni ifunguke tu. Mengine nitayaona kesho.

Katubien_Asili
Mlinzi na kaye yake ndiyo seva nzuri. Haiulizi nenosiri, haikatiki na umeme. Mwongezeeni mshahara, mlale.

Wingu_Juu
Ndugu, shida si Forbidden. Shida ni kuweka chuma biroo mwaka huu tulionao. Mimi duka langu la vipuri pale komini ya Kenya nilihamishia kila kitu kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni: stoku, madeni, hata picha za wateja wasiolipa. Naangalia nikiwa kitandani. Kuna shemeji yangu mmoja aliniambia nitajuta, leo yeye ndiye anakuja kuomba nimfungulie akaunti. Hamia wingu.

Dereva_Mizigo
@Wingu_Juu na mtandao ukianguka, lori langu litoke getini kwa maombi?

Yaya_Fina
Mdogo wangu, kwanza hiyo 777 irudishe ilivyokuwa. Kama tatizo lingekuwa ruhusa za faili, logi ingeandika "Permission denied". Hapa imeandika "by server configuration", yaani Apache mwenyewe, programu inayotoa kurasa, ameambiwa akatae, na ameambiwa kwenye mipangilio yake.

Pili, hizo namba zinazoanza na AH zilikuja na Apache 2.4. Ubuntu 12.04 ina Apache 2.2, ambayo haikuwa nazo. Kwa hiyo ama seva si 12.04, ama hiyo "sijagusa kitu" ina mkia. Andika `apache2 -v` na `lsb_release -a`, ulete majibu.

Kijana_Kampemba
Yaya, inasema Apache 2.4.18 na Ubuntu 16.04. Labda ilijipandisha yenyewe? Nasikia hizi mashine zinajisasisha usiku.

Yaya_Fina
Zinajisasisha vifurushi (programu moja moja), hazivuki toleo. Kutoka 12.04 kwenda 16.04 lazima upitie 14.04, na kila mara kuna mtu anayejibu "y". Tena 12.04 msaada wake uliisha Aprili 2017, vifurushi vyake vilihamishiwa old-releases (seva ya matoleo ya zamani), kwa hiyo kuna aliyefungua sources.list (orodha ya anwani za kupakulia) na kuandika anwani mpya kwa mkono. Seva haina mikono.

Pasta_Ruashi
Kijana, mgonjwa anayemficha daktari alichokula anajichimbia mwenyewe. Sema. Hapa hakuna anayekufunga.

Kijana_Kampemba
Sawa. Ni mimi niliyepandisha. Lakini sikilizeni kabla ya kurusha mawe. Patro anataka aone makusanyo kwenye simu akiwa Kolwezi. Fundi wa rauta akasema hawezi kufungulia mlango wa nje mashine ya zamani namna ile. Sasa ningefanya nini? Nikapandisha usiku, malori yakiwa machache. Ilifika 16.04, ikiwa inamalizia umeme ukaondoka na onduleri (betri ya akiba) haikushika. Iliporudi ndiyo haya.

Patro nimemwambia kwa simu kwamba ni kirusi, maana ukimwambia "toleo" anauliza toleo ni nini na linagharimu kiasi gani. Na kufungua kwa nje hakurudi nyuma: IP ya umma (anwani ya kufikika kwa mtandao) nimeshailipia mwezi mzima. Nataka tu Forbidden iondoke.

Katubien_Asili
Kirusi chenyewe kinaishi Kampemba na kina akaunti humu 😂

Pasta_Ruashi
Uongo kwa mwajiri ni deni. Mimi kabla ya utumishi nilikuwa karani wa bohari. Siku moja yalipotea magunia ya unga wa mahindi, mkubwa wangu akaandika "panya". Panya gani anakula na gunia? Alifukuzwa, na aliyefukuzwa naye ni mimi niliyesaini. Mwambie patro kabla hajaambiwa na mwingine.

Yaya_Fina
Pasta, hayo ya asubuhi. Sasa hivi kuna malori.

Kijana, umeme ulikatika katikati, kwa hiyo vifurushi vingine vimebaki nusu. Anza na `dpkg --configure -a`, halafu `apt-get -f install`. Usiguse kingine kabla hizo hazijaisha salama.

Halafu Forbidden. Kwenye 2.2 ruhusa iliandikwa hivi:

`Order allow,deny`
`Allow from all`

Kwenye 2.4 hizo mbili zinaondoka, inakaa moja:

`Require all granted`

Mipangilio ya Ubuntu yenye 2.4 inaanza kwa kufunga diski nzima, kisha inafungua /var/www na /usr/share. Programu yako inakaa /srv, kwa hiyo iko nje ya ukuta. Maneno ya zamani bado yanasomwa kwa sababu kuna moduli inayoyavumilia, ndiyo maana Apache anawaka bila kulalamika, lakini hayaondoi lile katazo la juu. Watu wanazunguka hapo usiku kucha: faili inasema ruhusu, seva inasema hapana, na wote wawili wako sahihi. Usichanganye lugha mbili ndani ya folda moja. Tafuta kwa `grep -rn "Allow from" /etc/apache2 /srv/parking`, maana nyingine zinajificha kwenye .htaccess (faili ya mipangilio ndani ya folda). Ukibadilisha, `apache2ctl configtest` kwanza. Ikisema Syntax OK ndiyo uwashe upya.

Tuletee pia mstari mmoja wa access.log nione ombi linafika vipi.

Kijana_Kampemba
dpkg imemaliza. Mstari ni huu, nimetoa tarehe:

`192.168.1.14 - - [...:23:52:10 +0100] "GET /kuingia.php HTTP/1.1" 403`

Sasa nabadilisha ile Order.

Mulinzi_wa_Logi
Subirini. Nimekuwa msomaji tu, lakini hapa naomba niongee.

Huyu aliandika kwamba ni karibu saa saba usiku, yuko Lubumbashi. Logi yake inasema saa sita kasoro dakika nane, na pembeni +0100. Lubumbashi ni +0200. Hiyo +0100 ni saa ya Kinshasa. Uzi wake na logi yake viko miji miwili tofauti. Ongeza "sijagusa" iliyogeuka "nimepandisha", ongeza patro wa Kolwezi, kirusi, umeme unaokatika dakika ileile. Hii ni kazi ya shule, mwalimu amempa Apache 2.2 na 2.4, naye ametuvalisha malori ili tumfanyie bure. Mwaka juzi humu tulimchangia mtu dola za "diski iliyokufa", kumbe hata kompyuta hakuwa nayo.

Wingu_Juu
Niliona tangu mwanzo. Kwa nini mtu akatae wingu?

Katubien_Asili
Kama ni mwanafunzi wa Kinshasa, Kiswahili amejifunza vizuri kuliko mimi.

Kijana_Kampemba
Jamani! Mimi niko hapa getini, taa za lori zinanipiga machoni. Saa hiyo ya seva ni ya siku zote. Aliyeiweka alikuja kutoka Kinshasa na mashine yake, nadhani ndiyo ilivyobaki. Sisi tunajua inachelewa saa moja, risiti pia. Tumezoea, haina madhara.

Dereva_Mizigo
HAINA MADHARA???

Ngoja niwaambie. Natoka Kasumbalesa na mzigo, foleni imenikalisha, nafika parkingi moja ya barabara hiyohiyo saa sita na nusu za usiku. Siku mpya imeshaanza. Asubuhi natoka, naambiwa lipa siku mbili. Nauliza siku mbili za nini? Risiti imeandika nimeingia jana, saa tano na nusu usiku. Nikasema jana wakati huo nilikuwa bado mpakani, stempu hii hapa. Mtu wa dirisha akajibu "kompyuta haikosei, papa". Nikalipa, maana lori haliwezi kulala tena kwa sababu ya hasira. Madereva wenzangu walidhani nimekunywa.

@Mulinzi_wa_Logi huyu si mwongo. Afadhali angekuwa mwongo.

Mulinzi_wa_Logi
Basi naondoa neno "kazi ya shule". Mengine nayaacha yalipo.

Yaya_Fina
Nchi yetu ina saa mbili, Kinshasa na magharibi wako nyuma yetu kwa saa moja, na kwenye orodha ya Linux kuna Africa/Kinshasa na kuna Africa/Lubumbashi. Zote mbili zimo, ni kuchagua tu. Kijana, `timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`. Halafu kwenye php.ini (faili ya mipangilio ya PHP) andika `date.timezone = Africa/Lubumbashi`, kwa sababu PHP ina saa yake. Ukiiacha tupu inahesabu kwa UTC, na hapo mtakuwa nyuma saa mbili badala ya moja. Dereva atakuja na panga.

Angalia pia php.ini ni ipi. Ya zamani ilikuwa /etc/php5, ya sasa iko /etc/php/7.0/apache2. Aliyotengeneza yule bwana kwenye ile ya kwanza hayakuhamia.

Kijana_Kampemba
Forbidden imeondoka! Yaya ubarikiwe. Lakini sasa ukurasa unaonyesha maandishi ya programu yenyewe. Naona hadi nenosiri la MySQL, hifadhidata yetu.

Yaya_Fina
Ndiyo hiyohiyo php.ini. Faili zako zinaanza na `<?` bila neno php mbele, na `short_open_tag` imerudi Off. Weka On, washa Apache upya. Na hilo nenosiri libadilishe. Fikiria ungekuwa umeshafungua mlango wa nje, usomwe na dunia nzima.

Kijana_Kampemba
Sasa ukurasa ni mweupe. Logi: `Call to undefined function mysql_connect()`.

Yaya_Fina
Nilikuwa naisubiri hiyo. Familia ya mysql_ (amri za zamani za PHP kuongea na MySQL) iliondolewa kwenye PHP 7.0, Desemba 2015. Hakuna mstari wa mipangilio utakaoirudisha. Ama unaandika upya maombi yote kwa mysqli, ambayo ndiyo njia mpya, ama unaweka PHP 5.6 pembeni. Kwa usiku huu ni 5.6. Lakini 5.6 haijapata kiraka cha usalama tangu Januari 2019, kwa hiyo ikae ndani ya biroo. Kufungua kwa nje, sahau.

Kijana_Kampemba
5.6 nimeshaanza kuipakua mnavyobishana. Ila ya nje siwezi kusahau, IP nimelipia na patro anaisubiri. Nitaweka nenosiri gumu.

Yaya_Fina
Nenosiri halisaidii kama ukurasa wa kuingia ndio wenye tundu. Programu za umri huo zinachukua alichoandika mtu na kukibandika moja kwa moja ndani ya ombi la MySQL. Mtu mwenye nia mbaya haandiki plaki, anaandika amri. Ukitaka patro aone, mwekee VPN (njia ya faragha ya kuingia mtandao wa biroo), WireGuard kwa mfano, kwenye simu yake. IP yako itatumika hukohuko na hela haijapotea. Ukikataa, usinitaje kwa jina lolote.

Kijana_Kampemba
Nitaangalia hiyo VPN. Sisemi ndiyo.

Taarifa: 5.6 imekubali, ukurasa umefunguka, lori mbili zimetoka na risiti, na saa ni ya kwetu! Ila lori jipya halisajiliki: `Incorrect datetime value: '0000-00-00 00:00:00'`.

Mulinzi_wa_Logi
Hiyo naijua, niruhusuni nilipe faini yangu. Lori lililo ndani bado halina saa ya kutoka, programu inajaza sifuri. MySQL ya zamani ilimeza. Yako sasa ni 5.7, ambayo ni kali na inazikataa tarehe za sifuri. Kwenye /etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf, chini ya [mysqld], andika `sql_mode = "NO_ENGINE_SUBSTITUTION"`, washa MySQL upya. Baadaye mrekebishe programu iandike NULL (yaani hakuna thamani).

Yaya_Fina
Kabla ya kuiwasha upya: mysqldump umefanya? Nauliza kwa sababu hujataja nakala hata mara moja tangu uzi uanze.

Kijana_Kampemba
Nilitaka kufanya baada ya kupandisha.

Yaya_Fina
Fanya sasa. Kwenye flashi, si kwenye diski ileile.

Kijana_Kampemba
Inaendelea. Flashi ni ya mlinzi, tumefuta nyimbo zake.

Dereva_Mizigo
Kijana, parkingi yenu ina geti la bluu na duka la bukari (ugali) mbele? Nina risiti yangu hapa, ile ya siku mbili.

Kijana_Kampemba
Papa, malalamiko ya malipo ni dirishani, kuanzia saa mbili asubuhi. Mimi ni wa mashine tu.

Dereva_Mizigo
Saa mbili ya wapi?