Yule muuza mashine amenivunjia heshima mbele ya duka zima

Mafundi wenzangu, sijapoa bado, mnisamehe herufi zikigongana. Nimetoka dukani kwa yule jamaa sasa hivi. Sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kutafuta mashine Kampala amepita mikononi mwake akatoka na kidonda.

Nilitaka msumeno wa meza wa bei nafuu, diski ya milimita 254, wa kupasulia mbao za makabati kwenye karakana yangu ya uani. Akataja milioni moja na ushee. Sawa, bei hatugombani. Nikatoa tepu nipime nafasi kati ya diski na fensi, ile reli ya pembeni inayoongoza ubao, mbele kisha nyuma. Hapo ndipo akapaza sauti, wateja wote wanasikia: "Mzee, unapima mashine au unapima sanda?"

Sanda!

Duka likaangua kicheko hadi mabati ya jirani yakaitikia. Kijana wa mkokoteni akaachia mzigo, akakaa chini kabisa. Sanda, jamani!

Nani hajui kuwa fensi ikibana nyuma ya diski, hata milimita moja, ubao unafinywa, meno ya nyuma yanaudaka na kuurusha tumboni mwa fundi? Na kile kisu kinachosimama nyuma ya diski, cha kuzuia ubao usijifunge, hakikuwepo. Nilipokiulizia akasema hicho ni urembo. Urembo! Mashine yenyewe ni ya Marekani, volti 110, eti ninunue na transfoma hapohapo kwake. Nikamwambia transfoma inashusha volti tu. Umeme wa kwao ni hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, wetu 50, kwa hiyo mota ya induksheni, ambayo mwendo wake unafuata hezi, itapungua mwendo kama sehemu moja ya sita. Akawageukia wateja: "Huyu bado anapima sanda."

Mimi nimezika wazazi wote wawili. Neno lile halirushwi kwenye kaunta kama chenji. Aniombe radhi mbele ya watu walewale.

Randa Mbili: Pole mzee. Ila hujatuambia, zilitoka mita ngapi? Hahahaaa!

Dada Kochi: Ni huyohuyo! Mimi aliniambia misumeno si ya wanawake, akanionyesha majiko ya mkaa. Nikanunua kwingine. Siku hizi nikipita pale nasimama mlangoni na vumbi langu la mbao anitazame vizuri.

Mkaratusi: Mleta uzi, volti 110 na bado ukatoa tepu? Mimi ningeondoka niliposikia transfoma.

Mleta uzi: Transfoma si hoja! Amesema SANDA, watu wanasikia!

Fundi wa Bwaise: Nenda Katwe wakuchomelee meza ya chuma, ufunge mota na mkanda, ubaki na chenji.

Dada Kochi: Na kinga ya diski iko wapi kwenye hizo za kuchomelea? Binamu yangu anahesabu mpaka nane tu.

Mkaratusi: Nyie mnalia na mashine, mimi nalia na mbao. Nimenunua ubao wa 2x4, yaani inchi mbili kwa nne, kule Ndeeba, kufika nyumbani napima, inchi moja na nusu kwa tatu na robo. Mbichi mpaka inatoa maji ukipiga msumari! Jumatatu imenyooka, Ijumaa imejikunja inaangalia mlango.

Randa Mbili: Afadhali wewe. Mimi niliuziwa mvule, nikapiga randa, rangi yote ikabaki kwenye randa. Kumbe ni mti wa musizi umepakwa oili chafu!

Fundi wa Bwaise: Ungeunyanyua tu, Randa. Musizi ni mwepesi, mvule unauma bega.

Randa Mbili: Ulikuwa umelowa, ungenyanyuaje? Hata hewa ikilowa ina uzito!

Mleta uzi: Jamani, hili la sanda tunalifanyaje?

Mkaratusi: Subiri kwanza mzee. Dada Kochi, wewe mbao kavu unazitoa wapi?

Dada Kochi: Sinunui za kesho. Nanunua mbichi, nazipanga kivulini na vijiti katikati hewa ipite, miezi inapita ndipo nazigusa.

Mkaratusi: Miezi! Mteja wangu anataka kitanda Jumamosi, ameshalipa nusu, na mke wake anapiga simu kila asubuhi!

Fundi wa Bwaise: Afadhali wako amelipa nusu. Wangu alichukua kabati zima, akahama nalo usiku.