Muuguzi mwenye leseni ya Tanzania: Uingereza, Ujerumani au Ghuba?

Mleta mada, Mwanza
Heshima kwenu wanajamvi. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na nimefanya kazi wodini miaka sita. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa. Marekani nimeiweka kando, kwa sababu hata ukifaulu mtihani wa NCLEX, foleni ya viza ya ukaazi inaweza kukuzeesha. Sihitaji kuorodheshewa mishahara. Naomba kujua kila njia inanidai nini kabla sijapanda ndege, na itaniacha na nini mkataba utakapokwisha.

Kaka Zamu, Leeds
Dada, kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo baadhi ya mawakala huzichanganya makusudi, yaani uuguzi na utunzaji wa wazee majumbani. Njia ya watunzaji ilifungwa kwa waombaji wapya walioko ng'ambo tarehe 22 Julai 2025, kwa hiyo anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuuzia hewa. Muuguzi hupitia NMC, ambao ndio baraza lao la uuguzi. Katika IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, wanataka alama 7 kwa kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwa kuandika. Wengi wetu hukwama hapo kwenye kuandika. Kisha kuna CBT, mtihani wa kompyuta unaoufanya ukiwa bado Afrika, na OSCE, mtihani wa vitendo wenye vituo kumi vya majaribio unavyopitia kimoja kimoja, unaofanyika Uingereza. Mimi nililipa paundi 83 kwa CBT, na hospitali ikanilipia OSCE, ambayo ilikuwa paundi 794. Mwajiri asiyetaka kulipia OSCE, mwogope. Viza ya muuguzi bado inaruhusu mwenza na watoto, lakini nafasi za wanaotoka nje zimepungua sana tangu 2024, na serikali imetangaza nia ya kuirefusha ile miaka mitano ya kungojea ukaazi wa kudumu.

Mama Aisha, Muscat
Mdogo wangu, huku Oman ni haraka kuliko kokote. Vyeti vyako huhakikiwa na DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, moja kwa moja kutoka chuoni na kwenye baraza, unafanya mtihani wa Prometric, yaani mtihani wa leseni wa kwenye kompyuta, na Kiingereza cha kazini kinatosha. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, na ukimaliza unapewa kiinua mgongo. Zaidi ya hayo, utashangaa ni bibi wangapi humu wodini watakaokuamkia kwa Kiswahili cha Unguja. Ila nisikufiche: hata ukikaa miaka ishirini, ukaazi wako unategemea mkataba, na sera ya kuwapa Waomani nafasi za kazi inasonga mbele kila mwaka. Watoto wa wageni kwa kawaida husoma shule za kulipia, na ada yake humeza ile akiba uliyoifuata.

Mwanafunzi wa Zamani, Köln
Ujerumani gharama yake ni muda, na muda huo unautoa mwanzoni. Ili usajiliwe unahitaji Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani hatua moja juu ya B1 ya kati, na kwa mtu anayefanya zamu za usiku si jambo la miezi mitatu. Vyeti hukaguliwa na mamlaka ya jimbo utakakofanya kazi, na majimbo ni kumi na sita, kila moja na mwendo wake. Kwa kawaida unarudishiwa barua inayoonyesha ni masomo au saa zipi za mafunzo zimepungua kwenye elimu yako, kisha unachagua kati ya kozi ya kuziba pengo na mtihani wa maarifa. Katika kipindi hicho unafanya kazi ya msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi, ukiamriwa na watu ambao pengine hawajawahi kuweka kanula. Inauma. Lakini ukishasajiliwa, mtaalamu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu, na mtoto wa miaka tisa anaingia shule ya serikali bila ada. Uraia ni hesabu nyingine, kwa kuwa Ujerumani sasa inakubali uraia pacha lakini Tanzania haikubali.

Kaka Zamu, Leeds
Wapo waliokwenda Ghuba kwanza, wakakusanya fedha, ndipo wakasomea Kijerumani. Njia hiyo isidharauliwe.

Mwanafunzi wa Zamani, Köln
Siidharau, ila kwa mwenye watoto maana yake ni kuhama mara mbili. Mkubwa akifika hapa na miaka kumi na minne, lugha itamsumbua kuliko mama yake.

Mleta mada, Mwanza
Hilo la umri wa mtoto limenigusa kuliko mengine yote. Nitaanza Kijerumani hadi B1 nikiwa bado kazini, kisha nitapima tena. Je, kuna karatasi ninazoweza kuzitafuta sasa, ambazo zitafaa popote nitakapoangukia?

Mama Aisha, Muscat
Barua ya baraza ya kuthibitisha usajili na mwenendo wako kitaaluma, pamoja na muhtasari wa masomo wenye saa za darasani na za wodini. Halafu linganisha jina lako kwenye leseni, pasipoti na cheti cha chuo. Mimi nilicheleweshwa miezi minne kwa herufi moja.

Mleta mada, Mwanza
Nimeangalia sasa hivi. Leseni inasema Rehema, cheti cha kuzaliwa kinasema Rahma. Jumatatu nitakuwa kwa mwanasheria.