Nimekubaliwa uzamili wa kemia bila ufadhili: nilipe amana au niache?

Mkemia Chipukizi

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Nilihitimu shahada ya kwanza ya kemia mwaka jana, daraja la pili la juu, na tangu hapo nimekuwa nikiomba nafasi za uzamili katika vyuo vya nje. Wiki iliyopita nilipokea barua ya kukubaliwa, nikafurahi mpaka nilipofika ukurasa wa pili, ambako chuo kinanitaka nilipe amana isiyorudishwa ndani ya siku 30 ili nafasi yangu isipotee, na ada yote ya mwaka wa kwanza kabla ya masomo kuanza. Nilipoandika kuuliza habari za ufadhili, nilijibiwa kwa mstari mmoja tu kwamba wanafunzi wa programu hiyo hujilipia.

Familia iko tayari kukopa. Kinachonisumbua ni kwamba lengo langu tangu mwanzo ni uzamivu na kazi ya utafiti, na mwenzangu niliyesoma naye ameniambia kuwa Marekani mtu anaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, tena akalipwa. Je, ni kweli, au ni maneno ya kutiana moyo? Na kama ni kweli, nianzie wapi, maana hadi sasa nimekuwa nikitafuta nafasi kwanza kwa imani kwamba fedha zitapatikana baadaye?

Mzee wa Pipeti

Hongera, mkuu, lakini amana hiyo usiilipe kwanza. Mwenzako amekwambia kweli. Katika sayansi, uzamivu wa Marekani kwa kawaida huchukua miaka mitano au sita, na mwombaji akikubaliwa, idara humsamehe ada na kumpa posho ya kujikimu, mara nyingi pamoja na bima ya afya. Posho hiyo utaitolea jasho. Mwanzoni utakuwa msaidizi wa ufundishaji, yaani utawasimamia wanafunzi wa shahada ya kwanza maabarani na kusahihisha ripoti zao hadi macho yaume. Baadaye utahamia kuwa msaidizi wa utafiti, ambapo malipo yako hutoka kwenye ruzuku aliyoishinda msimamizi wako. Uzamili wa huko ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa wengi hujilipia wenyewe. Kwa hiyo mtu anayelenga uzamivu akakopa ili aanze na uzamili, mara nyingi anakuwa amelipia hatua ambayo hakulazimika kuipitia.

Ulaya utaratibu ni tofauti. Sehemu kubwa watataka uwe na uzamili kabla ya uzamivu, ila uzamivu wenyewe mara nyingi ni ajira yenye mkataba, kama ilivyo Uswidi, Norwei na Denmark. Ujerumani nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, na kwenye tangazo utakuta maandishi TV-L E13 yakifuatiwa na asilimia, pengine 50 au 65. Hiyo ni ngazi ya mshahara wa watumishi wa majimbo, na asilimia ni sehemu ya muda wa kazi utakaolipwa. (Maabara yenyewe itakudai asilimia mia, usijidanganye.) Kwa upande wa uzamili, vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg lilianza mwaka 2017 kuwatoza wanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Angalia pia programu za pamoja za uzamili za Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, ambazo wanaopata ufadhili wake hulipwa euro 1,400 kwa mwezi na hawadaiwi ada.

Tahadhari moja: orodha za ufadhili zinazozunguka kwenye intaneti huchanganya mambo. Utakutana sana na GRFP, ufadhili wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu unaotolewa na NSF, yaani taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani, nao ni wa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo peke yao. Soma masharti ya uraia kabla ya kusoma kiasi cha fedha.

Msomaji wa Grafu

Naongezea kwenye hilo la kuanzia wapi. Mwaka wangu wa kwanza wa kuomba niliandika barua pepe moja, nikawa nabadilisha jina la profesa tu, nikaituma kwa watu 40. Nilipata majibu mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa la kunifahamisha kwa upole kwamba kwenye salamu nimeacha jina la mtu mwingine.

Mwaka uliofuata niliandika nane tu. Katika ile iliyonipatia nafasi sikusema popote kwamba nina shauku na utafiti wake. Nilimwambia kwamba katika mchoro wa tatu wa makala yake ya karibuni, kasi ya mmenyuko inashuka ghafla joto linapovuka nyuzi 80, nikamuuliza kama ni kichocheo kinachoharibika au ni kiyeyushi kinachovukiza, kwa sababu katika mradi wangu wa shahada ya kwanza niliwahi kukutana na mshuko wa aina hiyo na ikabainika kuwa kifuniko cha chupa kilikuwa hakikazi vizuri. Zilikuwa aya mbili, na nakala ya matokeo yangu nikaiambatisha. Alijibu siku hiyohiyo, na sina hakika kama nadharia yangu ya kifuniko ilikuwa sahihi.

Barua za mapendekezo nazo zisikupite hivihivi. Vyuo vya Marekani kwa kawaida hutaka tatu. Usimkimbilie mkuu wa idara ambaye hawezi kukutofautisha na wenzako. Mwombe aliyekuona ukishika vifaa. Barua inayosema kwamba ulihudhuria vipindi na una nidhamu haiisaidii kamati ya udahili kitu. Mpe mwandishi wako muda wa wiki sita, na umwandalie nusu ukurasa kuhusu mradi wako, ukitaja jaribio lililoharibika na namna ulivyolinusuru, kwa kuwa walimu husahau mambo hayo haraka kuliko tunavyodhani.

Mkemia Chipukizi

Nawashukuru sana. Nimeongea na nyumbani na tumekubaliana kwamba mkopo hautachukuliwa. Naomba kuuliza mawili zaidi: mtihani wa GRE, ule wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu Marekani, bado ni lazima? Na ada za kutuma maombi zenyewe mtu hukabiliana nazo vipi, maana nikiomba vyuo vinane nitakuwa nimetumia fedha nyingi kabla hata sijajibiwa?

Nyuzi Sifuri

GRE imeachwa na idara nyingi za sayansi katika miaka ya karibuni. Baadhi huipokea kwa hiari na chache bado huidai, kwa hiyo fungua ukurasa wa idara husika wala usitegemee ukurasa wa jumla wa chuo. Kuhusu ada, vyuo kadhaa huwa na msamaha kwa wenye kipato kidogo au kwa wanaotoka nchi fulani, lakini ni lazima uuombe kabla ya kutuma fomu. Ukishalipa, fedha hairudi. Usipoona utaratibu huo, mwandikie mratibu wa udahili wa idara. Mimi niliandika mistari minne na nikasamehewa vyuo vitatu kati ya vitano.

Kwa kalenda, maombi ya Marekani hufungwa zaidi mwezi Desemba kwa masomo yatakayoanza Agosti au Septemba, na vyuo vingi vimeafikiana kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya 15 Aprili. Linganisha hilo na siku 30 ulizopewa pamoja na amana. Ujue pia kwamba katika idara nyingi za kemia za huko kamati ndiyo inayodahili, na maabara unaichagua baada ya kufika. Hata hivyo, kwenye andiko lako la malengo wataje wasimamizi wawili au watatu ambao kazi zao umezisoma.

Mzee wa Pipeti

Nilisahau jambo. Ofa zikija, uliza kama posho inalipwa kwa miezi 9 au 12, na kama kuna ada ndogondogo ambazo msamaha haugusi. Mimi nilichagua ofa iliyoonekana kubwa kwa mwezi bila kuuliza, na kiangazi cha kwanza nilikipitisha nikiosha vyombo vya maabara ya idara jirani ili nilipe kodi ya chumba.