Jajja ananoga maiki ikizimwa, ikiwashwa anahutubia. Nifanyeje?

Mkoboko_Mjini: Wadau, salaam. Nina podikasti ndogo ya Kiswahili hapa Kampala, mazungumzo na watu wa jukwaani: waigizaji, watunzi wa tamthilia, hata mafundi wa taa. Vipindi vinne vimetoka. Wasikilizaji wengi wako Arua na Koboko, wachache Mombasa.

Nimempata jajja (bibi) mmoja aliyeigiza tangu miaka ya sabini, National Theatre na kwenye kumbi za mitaani. Tukiwa kwenye chai ananivunja mbavu. Kuna usiku alimaliza onyesho zima na kiatu kimoja, ukumbi ukadhani ndivyo ilivyoandikwa! Nikibonyeza kitufe tu, mgongo unanyooka, sauti inakuwa ya mgeni rasmi: "Sanaa ni kioo cha jamii." Dakika arobaini za kioo cha jamii. Nimerekodi mara mbili, zote nimefuta. Halafu kuna kuku, mabati na boda zinazopita dirishani. Nisaidieni.

Mama_Taa: Swali lako la kwanza huwa lipi?

Mkoboko_Mjini: "Tueleze historia ya maigizo Uganda." Halafu changamoto.

Mama_Taa: Basi umeomba hotuba, ukapewa hotuba. Historia ibebe wewe kwenye utangulizi, sentensi mbili zinatosha: mtunzi wa tamthilia Wycliffe Kiyingi kuanzisha kundi lake mwaka 1954, National Theatre kufunguliwa 1959, umemaliza. Yeye muulize kiatu. Kilibaki wapi, nani aligundua kwanza, mwenzake jukwaani alimtazamaje. Na mtu wa jukwaa usimkalishe kitini kama yuko polisi. Mwambie asimame akuonyeshe alivyotembea. Mwili ukikumbuka, mdomo utafuata.

Boda_Stage7: Rahisi tu, rekodi kimyakimya wakati wa chai.

Mama_Taa: @Boda_Stage7 hapana. Mama wa watu akijisikia redioni bila kuambiwa, mlango wake umefungwa, na wa wenzake wote pia. Mwambie mapema kwamba leo kinasa kitawaka tangu chai ya kwanza, na kwamba atasikiliza kabla hujatoa. Nusu saa ikipita atakuwa amekisahau.

Mzee_wa_Arua: Mmeruka jambo. Unamhoji kwa lugha gani?

Mkoboko_Mjini: Kiswahili, mzee. Kiganda changu ni cha sokoni.

Mzee_wa_Arua: Nilijua. Kijana wangu, kwetu West Nile Kiswahili ni cha nyumbani. Kwa aliyekuwa msichana Kampala mwaka 1977, enzi za Idi Amin, hiyo ni sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Ndio mwaka ambao Byron Kawadwa, mtunzi na kiongozi wa sanaa wa National Theatre, aliuawa, muda mfupi baada ya kundi lake kurudi kutoka tamasha la FESTAC Lagos walikoigiza *Oluyimba lwa Wankoko*. Huenda jajja wako aliwajua watu hao. Sasa wewe unamwekea mashine mbele na kumsaili kwa Kiswahili. Mimi pia ningekupa kioo cha jamii. Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, sawa, lakini jajja hakukisikia kwanza bungeni.

Mwache aongee Kiganda. Wewe simulia Kiswahili katikati.

Binti_Likoni: Huku Mombasa tutachoka. Dakika kumi za lugha nisiyoielewa nabadilisha.

Mzee_wa_Arua: Dakika kumi nani kasema? Acha sentensi yake isikike sekunde sita au saba, kisha ingia. Kicheko chake usikitafsiri.

Binti_Likoni: Hapo sawa. Kicheko nakitaka.

Fundi_Nansana: Upande wa sauti. Hamia chumba cha kulala, egemeza godoro ukutani upande wa barabara, tandika blanketi mezani. Maiki ya kubana kwenye kola, simu itoe kwenye mtandao kabisa. Mvua ikigonga mabati pumzikeni, hakuna programu itakayokuokoa. Rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba, zitakusaidia kuziba unapokata. Mwisho toa faili la mono (mkondo mmoja wa sauti), kbps 64: nusu saa inakuwa kama MB 14, mtu wa Koboko anaimudu. Ukiweka stereo kbps 128 unamla bando mara mbili bure, sauti ni ya mtu mmoja.

Kuku sina dawa.

Mkoboko_Mjini: Mrejesho. Nimempigia jioni hii, nikajikongoja na Kiganda changu kuuliza kiatu kilikwenda wapi. Kwanza alinicheka matamshi. Kumbe hakikupotea: mwenzake alikatika kamba ya kiatu nyuma ya pazia, zamu yake ikawa inaanza, jajja akamvulia chake. Wamegombana juu ya kiatu hicho mpaka leo, na huyo mwenzake yuko hai, anakaa Mengo. Ameniambia nije Jumapili baada ya misa, atamwita. Kuku atawafungia mwenyewe.