Mjadala: Takwimu za uimara wa vipandikizi vya koklea zitolewe kwa mfumo mmoja wa lazima?

Mzazi, Kisumu
Ndugu zangu, kipandikizi cha koklea ni kifaa cha kusikia ambacho sehemu yake moja huwekwa kwa upasuaji hadi ndani ya koklea, yaani sikio la ndani. Mimi nasema ndiyo, na pesa ya umma isinunue kifaa ambacho mtengenezaji wake hajafuata mfumo huo.

Mwanangu aliacha kusikia baada ya homa ya uti wa mgongo. Tulipotakiwa kuchagua kipandikizi, kila kijitabu cha kampuni kilidai asilimia tisini na kitu ya vifaa vyake bado vinafanya kazi. Baada ya miaka mingapi? Watoto au watu wazima? Kifaa kilichokufa kwa sababu mtoto alianguka akagonga kichwa kimehesabiwa au kimeachwa nje ya hesabu? Tulilinganisha namba ambazo hazilinganishiki.

Prosesa ya nje, ile inayovaliwa kunasa sauti, ikiharibika unaitengeneza au unanunua nyingine. Sehemu ya ndani ikifa, ni upasuaji tena. Na mtoto aliyeugua homa hiyo, koklea yake inaweza kuota mfupa ndani, elektrodi mpya, yaani waya unaopeleka umeme kwenye neva ya kusikia, ikapita kwa shida. Ndiyo maana swali la uimara kwangu si la wahandisi pekee.

Mwaka 2005 wataalamu wa Ulaya walikubaliana kuazima kanuni za ISO, shirika la kimataifa la viwango, za vidhibiti mapigo ya moyo: vifaa vyote vihesabiwe bila kuchagua, takwimu za watoto na za watu wazima zitolewe kando kando, na kila mabadiliko ya kifaa yaelezwe tangu toleo la kwanza. Mwaka 2017 Marekani ikatoa kiwango chake, CI86. Lakini viwango hivi ni vya hiari. Katiba yetu, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi bidhaa kikamilifu. Hiari haitoshi.

Fundi wa vifaa vya hospitali, Nakuru
Nakubali nusu. Ukihesabu kila kifaa kilichotolewa kichwani, unamtwika mtengenezaji hata maambukizi ya kidonda. Hilo si kosa la kifaa, na linaweza kukupotosha vilevile.

Ila kutenganisha matoleo nakuunga mkono kabisa. Septemba 2011 Cochlear ya Australia iliondoa sokoni vipandikizi vya CI500 kwa sababu baadhi vilikuwa vikipoteza uzibifu wake, yaani kasha halikuzuia tena unyevu kupenya, na kuzimika. Hospitali zikarudia toleo lililotangulia, CI24RE. Aliyeunganisha takwimu za matoleo hayo mawili angelificha tatizo ndani ya wastani.

Mwalimu wa viziwi, Kakamega
Mzazi mwenzangu, pole kwa yaliyompata mtoto. Lakini huku kwetu watoto wanaacha kutumia vifaa vizima. Betri zimeisha, kebo imekatika, nauli ya Nairobi ya kwenda kurekebishiwa sauti haipo. Lugha ya Ishara ndiyo inayowabeba darasani. Pesa ya kufuatilia ripoti za Ulaya ingenunua kebo.

Mzazi, Kisumu
Mwalimu, asante, na umegusa pale pale panaponiuma. Hesabu hizi huchukulia kwamba kifaa ambacho hakuna aliyeripoti kimekufa bado kinafanya kazi. Sasa mfikirie mtoto wa Busia ambaye sehemu yake ya ndani imekufa. Nyumbani wanadhani ni betri. Hapelekwi kliniki, kifaa hakitolewi, hakirudishwi kiwandani kuchunguzwa. Kwenye jedwali anahesabiwa miongoni mwa waliofanikiwa, mwaka baada ya mwaka! Mtoto wa Ulaya anayepimwa kila mara, kifaa chake kikifa kinaingia kwenye hesabu. Chetu hakiingii. Kwa hiyo hata kebo unayoidai, bila kumpima mtoto hutajua kama kasoro iko kwenye kebo au ndani ya kichwa.

Fundi, hoja ya maambukizi ni ya haki. Basi zitolewe namba mbili kando kando: vilivyoharibika vyenyewe, na vyote vilivyotolewa kwa sababu yoyote. Mimi mzazi nahitaji zote mbili, maana mtoto anarudi kwenye kisu kwa njia yoyote kati ya hizo.

Fundi wa vifaa vya hospitali, Nakuru
Kwa namba mbili sina pingamizi. Swali langu sasa ni nani atashika daftari la vipandikizi vyote nchini. Bodi ya Famasia na Sumu inasimamia vifaa vya matibabu, lakini mtoto yuko na daktari na mwalimu.

Mwalimu wa viziwi, Kakamega
Tuanze na shule. Namba ya kifaa iwe kwenye faili ya mtoto siku anapoandikishwa, na akinyamaza wiki mbili tujue pa kupiga simu. Hilo nitalitaka hata kama ripoti za kampuni hazitabadilika.